Samaki Kumi na Watano

Karatasi ya ofisi inasema kumi na watano.
Kumi na watano kwa nyumba, kwa msimu mzima,
waandikwe kwa wino siku ile ile.
Bibi Agrafena ameipachika juu ya jiko,
mahali mvuke utaila polepole.

Yeye hahesabu samaki, huhesabu watu.
Mashavu ni ya Paraskeva, aliyebakiwa na meno mawili.
Minofu ya tumbo, ile inayotiririka mafuta, ya mapacha wa Harlan.
Ubavu mzima uvuke hori, uende kwa watu wa Tai:
ndio waliobeba jeneza la mama,
na sisi watu wa Kunguru bado tuna deni lao.
Anapofika kumi na watano, watu hawajafika nusu.

Mvua hapa si habari.
Inanyesha juu ya misunobari, juu ya kiwanda cha mikebe
kilichofungwa kabla sijazaliwa,
na juu ya mjomba Osip, huko nje, siku ya nane,
anavuta jarife la mtu mwingine
mbele ya mwamba wenye jina la ukoo wetu.
Leseni aliiuza mwaka injini ilipopasuka.
Mnunuzi alishuka kwa ndege ya majini, viatu vikavu,
akaondoka na karatasi moja mkobani
na bahari yote ndani yake.

Samoni, nasema mimi.
X̱áat, anasema bibi,
neno lililokwama kooni kama mwiba,
na hanipi kisu mpaka nilikohoe sawasawa.

Kisha: "Fuata uti. Uti unajua njia, wewe hujui."
Nikakata. Nyama ikachanika, ikatoa ndimi.
Akauinua mnofu wangu kwenye mwanga,
dirisha likaonekana kupitia matundu yake.
"Huyu umemkata au umemgombeza?"
Akautundika hata hivyo, mwisho wa ufito,
karibu na mlango, moshi unakopita mbio.

Kuni ni za mti wa olda, mbichi kidogo, zisizowaka kwa hasira.
Siku tatu nililia bila huzuni.
Nywele, blanketi, hata daftari langu la hesabu
vilinuka ng'onda.
Mifupa hatuitupi jaani. Inarudi mtoni, yote:
ukibaki mmoja, anasema bibi,
mwakani atarudi akichechemea,
na atakumbuka ni nyumba gani.

Usiku wa tatu Osip alisimama mlangoni,
ananuka dizeli ya chombo kisicho chake.
Hakuuliza wamevuliwa wangapi. Aliuliza nani kakata.
Bibi akaninyooshea kidevu.
Akaipita minofu yote iliyonyooka,
akauchukua ule wangu,
akaula wima, taratibu, akilamba kila kidole,
kama mtu anayesoma barua mara ya pili.
Halafu akatoa kitu mdomoni, chembamba kuliko unywele,
akakiweka kiganjani mwangu,
akavifunga vidole vyangu juu yake.

Nikavaa buti za mpira.
Mto ulisikika kabla haujaonekana.