Karatasi ya Thelathini na Moja

Manispaa ilitaka kujua, kabla ya kutoa pesa za mwalimu:
Ni lugha gani ya kigeni ungependa kujifunza, na kwa nini?
Nafasi ya jibu, mstari mmoja.

Nilizihesabu mimi, nyuma ya kaunta ya maktaba ya Savukoski,
saa nane mchana, giza limeshatanda,
theluji ikisukuma mlango kama mtoto asiyejua kubisha hodi.

Kihispania, kumi na wanne. Jua, wameandika. Jua. Jua.
Mmoja kaandika jua, kafuta, kaandika talaka.
Kiingereza, saba: kazi, kazi, mjukuu yuko Leeds, kazi.
Kiswidi, sifuri; hicho tulilazimishwa sote shuleni.
Kijapani ni binti wa kituo cha mafuta. Hakutoa sababu,
kachora paka mwenye macho makubwa.
Kirusi: Aune, miaka themanini na mitatu,
"ili niache kukiogopa."
Hiyo niliisoma nimekaa,
nikaisoma tena nimesimama.

Ya mwisho ilinuka moshi wa sauna.
Oiva Kuusela. Herufi zake zimelala chali kama kuni.
Kithai, kaandika,
na mstari haukumtosha, kageuza karatasi.

Kila Julai wachuma beri huja kutoka Chaiyaphum,
hulala katika shule ya zamani ambayo Oiva anaitunza.
Hutoka alfajiri na ndoo, nyuso ndani ya neti za mbu,
hurudi usiku usio na usiku, migongo imepinda kama ndoano.
Mmoja wao, Samniang, alimpa mbwa wa Oiva ngozi ya kuku
akamwambia: maa.

"Kwetu maa ni ardhi," kaandika Oiva. "Ni nchi pia.
Nikadhani mama huyu anamwonyesha mbwa wangu nchi yangu.
Lakini Halli aliinuka, akamwendea."
Kesho yake, maa, akamwendea.
Mkono mtupu haulambwi, hilo tunalijua,
ila siku ya tisa mkono ulikuwa mtupu
na Halli aliulamba.

"Sasa mbwa anajua lugha nisiyoijua mimi.
Nikimwita kwa Kifini
ananitazama kama nimekuja kudai kodi."

Septemba wakaondoka. Halli alikaa njia panda siku tatu.
Oiva alisimama kibarazani, akajaribu: maa.
Akajaribu kwa sauti nene, akajaribu kwa nyembamba,
jirani akafungua dirisha, akalifunga.
Mbwa aligeuza sikio moja tu.

Kamusi niliiagiza Rovaniemi, ikachukua wiki mbili.
Maa, sauti ikienda tambarare: njoo.
Ikizama kisha ikapanda, kama ya mtu anayeuliza: mbwa.
Ikirushwa juu: farasi.
Miezi miwili mzee wa watu yuko nje kwenye baridi
akimwita mbwa wake farasi.

Nilimpigia simu, nikamsomea zote tatu.
Alinyamaza. Huku kwetu kunyamaza si kukata simu,
nikangoja, nikasikia jiko lake likipasua gogo.
"Na yule mama," akasema, "alikuwa akisema ipi?
Njoo, au mbwa?"
Sijui, Oiva.
"Anamwita, au anamtaja tu?"
Sijui.
"Basi ndiyo sababu. Iandike hiyo."

Nafasi ilikwisha zamani. Nimeibana pembeni,
ikazunguka kona ya karatasi, ikapanda juu.

Mwalimu haletwi bila wanafunzi wanane kwa lugha moja.
Kithai kina mmoja.
Nimeichungulia kamusi hii usiku, peke yangu, taa ya kaunta tu,
nikitamka maa kwenye rafu za vitabu vya kilimo.
Hata ya kuombea maji sijaipata.

Ndani ya boksi imebaki karatasi moja safi.
Jina: Tuulikki Rytkönen.
Lugha: Kithai.
Kwa nini: mbwa.

Wawili.
Bado sita.