Kivuli Mara Nne

Nyuma ya picha baba aliandika kwa penseli:
Katwe, 1989. Basi.
Mwezi hakuuandika. Thembo wa studio, mtu wa risiti,
aliyeweka kumbukumbu hata ya deni la bahasha,
siku hiyo moja aliiacha wazi kama mlango wa jikoni.

Mama kasimama ukingoni mwa kiwanja cha chumvi,
mkono juu ya nyusi, kitenge kimekamatwa na upepo.
Kivuli chake kimelala ubavuni,
chembamba, kinavuka tope
hadi kwenye lundo la chumvi.
Nimekipima kwa rula:
mama sentimita tatu,
kivuli kumi na mbili.

Usiku, Kasese, umeme umekatika,
naifungua ile programu ninayopangia harusi,
inayonijuza jua litamkuta bwana harusi upande gani wa kanisa,
mwezi utachomoza juu ya paa la nani,
nishike lenzi ipi, nirudi nyuma hatua ngapi
ili uso ubaki na ukuta uyeyuke.
Nachomeka pini pale pale aliposimama.
Mstari wa manjano unatoka mashariki,
mweusi unajinyoosha upande wa pili.
Nasukuma kwa kidole, miaka inakunjika kama mkeka.
Misiba yote ile, mto Nyamwamba ukibeba nyumba za watu,
simu inavipita bila kulowa.

Mara nne ya urefu wake.
Nyuzi kumi na nne juu ya upeo.
Inafikiri kidogo, kisha inanipa siku mbili:
Machi nne, saa mbili na dakika tano.
Oktoba tisa, saa moja na dakika arobaini na moja.
Kumbe jua hupita mlango uleule mara mbili,
likienda, likirudi,
wala haliagi.

Asubuhi nilimwonyesha Mbambu, anayekwangua chumvi
maji yakiwa kiunoni.
Hakumtazama mama. Alitazama lundo.
"Oktoba? Na mvua ile?
Nani alivuna hii, samaki?"
Akanirudishia picha kwa ncha za vidole, asiiloweshe.

Machi, basi.
Nami nilizaliwa mwisho wa Septemba,
binti wa kwanza, ndiyo maana Masika.
Hesabu hiyo sikuiuliza simu.
Nilikunja vidole, nikavikunjua, nikaanza upya.

Nikampigia mama, Bwera.
"Mwezi sikumbuki," akasema.
"Nakumbuka kichefuchefu. Ziwa lile lilinuka mayai viza,
na baba yako ananiambia nisitikisike.
Nikamwambia piga haraka, nitakutapikia kamera."
Ulimwambia kwa nini?
"Ningemwambia nini? Mwenyewe nilidhani ni ule muhogo."

Baba alipima mwanga, akapima umbali,
akakosea hesabu ya watu.
Nimo mle, kwenye kile kivuli,
karibu na sentimita ya sita,
mdogo kuliko punje ya njugu,
nimelala juu ya chumvi ya watu bila kuitwa.

Machi nne nilikuwa ukingoni kabla ya saa moja.
Tripodi imezama tope hadi kwenye kifundo,
chaji asilimia tisa,
programu inahesabu dakika kama mama mkwe.
Saa mbili na tano, jua, nyuzi kumi na nne, lipo,
mstari wa manjano umesimama imara kwenye kioo.
Juu ya ziwa, wingu.
Si wingu la kutisha, ni blanketi kuukuu la kijivu,
na juu ya chumvi hapakuwa na kivuli cha mtu yeyote,
si changu, si cha Mbambu, si cha ndoo.

Mbambu akanyoosha mgongo.
"Simu yako inasemaje?"
Inasema jua lipo.
"Wapi?"
Nikamwonyesha kwa kidole, nyuma ya kijivu kile.
Akatazama muda mrefu, mkono juu ya nyusi,
kitenge kimekamatwa na upepo.

Nikabonyeza.
Nyuma ya hii nitaandika mwezi.