Nusu

Nitrojeni tunaichota Kabete,
kwenye kituo kinachohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe.
Karani huniuliza kila Jumanne,
"Ng'ombe wenu wa Chiromo wamezaa?"
Nami hutia sahihi, hufunga mtungi kwa kamba ya katani,
moshi wake baridi ukinilamba viatu.
Bado, Bwana Shikuku. Bado.

Kitu chenyewe ni kidogo kuliko ukucha:
utando mweusi wa shaba na oksijeni,
bariamu, na itriamu ya kuukoleza,
umelala juu ya fuwele tatu
zilizokutana nukta moja, kama mafiga.
Ndani yake zimechongwa pete nne,
kila moja jicho lake halipitishi unywele.
Uwanja wa ndege, afisa wa forodha alisoma fomu, akacheka:
"Pete nne? Arusi ya nani?"
Akatutoza ushuru wa mapambo.

Daktari Kwamboka hapendi mifano.
"Usiniambie ndoa," alimkata Nasieku siku ya kwanza.
"Elektroni hazitoi mahari.
Zinatembea mbili mbili, hilo tunalijua,
na zikitembea hivyo hakuna kinachozikwaza.
Swali ni umbo la huko kushikana.
Ni duara, sawa kila upande?
Au ni ua la petali nne,
chanya, hasi, chanya, hasi,
na kati ya petali na petali, hapana kitu?"

Tazama kaskazini. Geuka robo mzunguko.
Nguvu ni ileile; alama imepinduka.
Kipimajoto hakioni alama.
Ndiyo sababu ya mafiga:
wimbi likiizunguka pete ya katikati
huvuka mipaka mitatu,
na kama kweli ni ua,
hurudi mlangoni pake kinyume cha lilivyotoka.
Pete haikubali.
Kulipa deni hilo huzaa usumaku wake yenyewe,
nusu ya kipande ambacho, vitabuni, hakigawanyiki.

Ng'ambo waliiona kabla Nasieku hajazaliwa.
"Basi ya nini tena?" aliuliza mkaguzi wa fedha.
Daktari akamtazama.
"Wewe ulijua ugali unashibisha kwa kuambiwa?"

Tulipima usiku, wiki tatu,
maana mchana lifti ikipanda mstari unaruka,
malori yakinguruma barabara ya Waiyaki unaruka,
mtu akiwasha birika ghorofa ya pili, unaruka.
Tukapooza, tukapasha, tukapooza tena:
usumaku uliokwama hudanganya
kama shahidi aliyelipwa.

Kisha stima zikapotea.
Westlands yote, Parklands, mpaka ng'ambo ya mto.
Nasieku alilaani kwa Kimaasai, kirefu, bila kurudia neno.
Ni Daktari aliyesema, polepole,
"Subirini. Mji mzima umenyamaza."
Nikashuka nikang'oa betri ya Probox yangu,
nikaipandisha ngazi tano, tochi ya simu mdomoni.

Pete ya kwanza: sufuri.
Ya pili: sufuri.
Ya tatu sufuri, na mbu sikioni.
Pete ya mafiga: nusu.
Nasieku akasoma tena.
Nusu.

Hakuna aliyepiga makofi.
Daktari, asiyependa mifano, alikaa juu ya kreti ya soda.
"Fuwele hii imetutega tangu nikiwa mwanafunzi," alisema,
"na kila mara tuliipa mji wa watu.
Leo mji hatutoi."
Nje, Nairobi ilikuwa bado giza, yetu, haijatolewa.

Jumanne, Kabete.
"Wamezaa?"
Wamezaa nusu, nikamwambia.
Bwana Shikuku alisimamisha kalamu.
"Nusu ya mbele, au ya nyuma?"
Nikakosa jibu, kwani alfajiri ile
tuliipasha pete, tukaipooza upya,
na ikatoa nusu ileile,
safari hii imeangalia chini.