Meli ya Tairi Kumi na Nane

Ilikuja Jumatano, siku ya soko Tengeru,
siku ambayo hata baiskeli hukosa pa kupita.
Ilikuja juu ya lori, imefunikwa turubai la bluu
kama maiti ya tajiri,
na wa ndizi wakasogeza mikungu,
wa mitumba wakakunja biashara,
na Kaanaeli, muuza maparachichi wa kona ya gulio,
akauliza bila kuinuka kwenye ndoo aliyokalia:
"Hiyo inapelekwa wapi? Bahari imehama?"

Mimi nakodisha mitumbwi Duluti, mwaka wa kumi na saba sasa.
Lile ziwa nalijua kama sahani yangu.
Ukilizunguka kwa miguu, bila haraka,
utaikuta chai uliyoiacha bado ina uvuguvugu.
Kenge wake nawajua,
na yule wa mkia mfupi ananijua.
Leo naletewa boti ya ghorofa mbili,
ina jina la mwanamke kwa herufi za dhahabu,
kitanda cha duara, friji mbili,
na bafu ndani.
Bafu! Juu ya maji!

Ili ipite, bwana misitu alisaini matawi matatu.
Yalianguka kumi na moja.
Aliyerudi kuyahesabu ni tumbili.

Wakaishusha. Maji yakapanda ukingoni
yakaichukua kandambili yangu moja.
Injini ikakohoa, ikanguruma, wageni wakashika glasi,
nami nikahesabu kimoyomoyo:
nilipofika arobaini na tatu
walikuwa wamefika ng'ambo.
Wakageuza.
Arobaini na tatu tena.
Siku nzima, kama mtu anayetafuta funguo chumbani.

Mgeni mmoja, mpole, pua imeungua na jua,
aliniuliza: "Baada ya hapa kuna nini?"
Nikamwambia baada ya hapa kuna kahawa ya Nnko,
na baada ya kahawa, barabara ya Moshi.
Akacheka. Kisha hakucheka.

Sitajifanya. Walipotafuta wa kuosha nilinyoosha mkono.
Viti vyeupe vya ngozi, kila jioni, sabuni ya kunukia,
na bahasha ya Ijumaa iliyolipa ada ya Ndelilio
muhula mzima, bila kuitwa ofisini.
Kupitia kidirisha cha jiko lao
niliuona mtumbwi wangu umefungwa kwenye mzizi,
kama mtoto aliyeambiwa angoje nje.

Nanga ndiyo iliyoleta maneno.
Siku walipoivuta ilipanda na tope, magugu,
na sufuria.
Sufuria kubwa, ya shughuli, sikio moja limevunjika.
Habari ilifika sokoni kabla tope halijakauka.
Kaanaeli akaja, kanga kiunoni, amemwachia jirani maparachichi,
akapanda ile ngazi ya fedha na miguu yake ya vumbi
na wageni wakamwachia njia.
Aliigeuza. Akapitisha kidole pale penye sikio.
"Hii ni ya mama mkwe," akasema.
"Ilinitoka mkononi nikiisugua hapa, wiki ya harusi yangu.
Akasema nimeiuza.
Miaka ishirini na mbili, kila sikukuu, mbele ya watu:
Mwulizeni sufuria yangu aliiuza kwa nani."

Aliisugua kwa majivu siku mbili.
Jumamosi akapika loshoro humohumo
akampelekea bibi, akaiweka chini, sikio bovu likimtazama.
Bibi alikula kimya.
Hakuomba radhi.
Aliomba aongezewe.

Lori lilirudi katikati ya masika.
Lilikwama kwenye utelezi tangu asubuhi hadi magharibi
na waliolisukuma ni walewale wa ndizi, kwa malipo mazuri.
Ziwa likashuka pale lilipokuwa.
Kandambili yangu haikuonekana.

Turubai la bluu wameniachia.
Nimefunika nalo mtumbwi; linaburuta pande zote,
kama koti la baba,
lakini haunyeshewi.