Mahali Panapovuja

Walisema siku tatu.
Siku tatu, kisha nyumbani, supu, katuni, shule.
Kidole tumbo, alisema Daktari Kuprys, ni kitu kidogo,
akanionyesha kwa kidole chake cha mwisho.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Theluji ya Kaunas imeanguka, imeyeyuka, imeanguka tena,
na binti yangu Smiltė, miaka sita, mapengo mawili mbele,
ana mrija ubavuni
unaoshuka kando ya kitanda hadi kwenye mfuko
wenye mistari ya vipimo kama jagi la jikoni.

Mimi ni fundi bomba.
Miaka ishirini na miwili nimelala chali chini ya masinki ya watu
katika maghorofa ya Dainava, kwenye mabomba
yenye kutu ya enzi za babu.
Naijua sauti ya maji yanayotoroka ukutani.
Naweka sikio, nagonga, nasema: hapa.
Watu hunimiminia kahawa.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasemao husema.
Nyufa za mji mzima nimeziba mimi.

Na utumbo wake unavuja.
Mahali padogo, walisema. Tena lile neno.
Wamemfungua mara ya pili, wameosha, wameacha mrija,
sasa tunangoja pajizibe penyewe.

Penyewe!
Katika kazi yangu sijaona kitu kilichojiziba.

Usiku nahesabu.
Saa mbili: mililita arobaini, rangi ya chai iliyolala.
Saa nane: thelathini na tano.
Naandika nyuma ya risiti ya duka la vifaa,
upande wa pili wa koki mbili na mita sita za shaba.
Muuguzi Genovaitė ana karatasi yake rasmi.
Jana alisimama, akaikazia macho, akaniuliza,
"Wewe umepata ngapi?"
Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa,
kama mwenzangu wa zamu.

Mama yake yuko Norwei, anachambua samaki kiwandani.
Anapiga simu wakati wa mapumziko, glavu bado mkono mmoja.
"Homa?"
"Kidogo," nasema,
na nalisikia neno lile likitoka kinywani mwangu
kama nimelirithi.

Sijamwambia habari ya Jumanne.
Jumanne Smiltė alisema tumbo, nikadhani anakwepa hesabu.
Nikamchemshia mnanaa, nikamfunika,
nikaenda kufunga hita ya mtu
ambaye hata jina lake silikumbuki.
Hita ile inafanya kazi vizuri.

Leo alfajiri ameamka, midomo imekauka.
"Baba, wewe si unajua mabomba?"
"Najua."
"Basi nitengeneze."

Mtu atajibu nini?
Nikavua viatu. Nikalala chali sakafuni,
kichwa chini ya kitanda chake, tochi ya simu mkononi,
pale palipo na magurudumu, vumbi,
na soksi moja ya mtoto aliyepita kabla yetu.
Mrija ulining'inia juu ya uso wangu, mwanga ukapenya.
Tone likajikusanya. Likasita. Likaanguka.

"Umepaona?" sauti yake kutoka juu.
"Nimepaona."
"Padogo?"

Maji yalikuwa yakipita ndani ya ukuta, 
nikayasikiliza mpaka yakaisha.

"Pakubwa," nikasema.

Akanyamaza. Kisha, bila kulia,
kama bosi anayemtuma kibarua garini:
"Basi chukua spana ile kubwa."

Nikanyoosha mkono gizani, nikakunja vidole
kwenye spana isiyokuwepo, nikakaza.
Nikakaza hadi bega likauma.
Genovaitė akaingia, akaona miguu yangu,
akairuka bila neno, akainama kwenye mfuko.

"Thelathini na moja," akasema.

Kalamu ilikuwa mfukoni. Nikaandika nikiwa hapo hapo, chali.