Gramu

Miaka thelathini na moja nimepima vifurushi,
kaunta namba tatu, Posta ya Kisumu,
hadi kiganja changu kikawa mizani:
niwekee kitu, nitakutajia uzito
kabla mshale haujatulia.

Kwa hiyo Hasmita aliponitolea darubini ya kwanza,
nyeusi, nene, ya mara kumi,
akasifu vioo vyake, mkoba wake, waranti yake,
mimi niliipokea tu nikasema:
gramu mia nane na kumi, bila mkanda.
Akacheka. Akamtuma kijana wake Ogweno
kwa jirani anayeuza omena.
Ikalazwa kwenye mizani yenye magamba,
ikarudi inanuka ziwa:
mia nane na kumi na tano.
Hizo tano, nikasema, ni za omena.

Nyumbani ninayo nyingine, urithi wa kaka yangu Wasonga,
ya chuma, imening'inia msumarini nyuma ya mlango
tangu matanga yake.
Kila Jumamosi naitazama, naigusa, naiacha.
Shingo yangu ina pingili mbili zilizochoka,
na kutoka Nyalenda hadi Dunga kwa miguu
gramu huzaliana njiani:
unaondoka na mia nane,
unafika na gunia.
Ndege wangapi nimewatazama kwa macho makavu
kwa ajili ya vioo bora vilivyobaki nyumbani!

Hata hivyo ile ya mara kumi niliijaribu, ni haki yake.
Nikasimama mlangoni, nikamlenga korongo
juu ya paa la benki, upara wake, mfuko wake wa kooni.
Alikuwa mkubwa, karibu, na alitetemeka.
Nikadhani anaumwa.
Kumbe ni moyo wangu, unapiga hadi vidoleni,
mara kumi.

Kisha ndogo, ya mara nane.
Inajikunja katikati kama miwani.
Ikaingia kiganjani, nikanyamaza.
"Haya, taja," akasema Hasmita.
Mia mbili na sabini:
pakiti ya majani ya chai
na barua ya mchumba asiye na maneno mengi.
Nikashusha vile vikombe vya mpira, maana navaa miwani,
nikamrudia korongo wangu.
Amepungua kidogo, ametulia,
na pembeni yake pamebaki nafasi,
hata mwenziwe alipokuja
nilimwona kabla hajatua.

Hasmita ni mfanyabiashara, lakini hadanganyi:
"Jioni hii itakuangusha, Mama Adhis.
Kioo kidogo hunywa mwanga kidogo.
Jua likizama utaona vivuli tu."
Nikamjibu, saa hiyo mbu wa Dunga
ndio wanaonitazama mimi.
Tukapatana bei. Sitaitaja hapa,
binti yangu husoma kila ninachoandika.

Jumamosi ikasafiri mfukoni mwa sweta
pamoja na njugu, jambo ambalo halishauriwi:
kioo cha kushoto kikapata chumvi,
nikakipangusa kwa ncha ya leso.
Mkata mafunjo mmoja akaniuliza natafuta nini.
Nikasema sijui bado.
Naye akaona ni jibu la kutosha, akaendelea kukata.

Kisha hatua nne mbele yangu shina likainama.
Hatua nne! Ile nene ingenipa ukungu,
ingenidai nirudi nyuma, nimtishe.
Nikazungusha gurudumu kwa kidole kimoja:
kipwe wa mafunjo,
mgongo mweusi, utosi wa manjano,
kifua chekundu kama lakiri
kabla haijakauka kwenye kifurushi cha rejista.
Akanitazama kwa jicho moja, akabadilisha, kwa la pili,
kisha akaenda zake ndani kulikojaa giza la kijani.

Shina likainuka.
Nilikuwa nimeuona vizuri ule mwinamo,
na mkono wangu wa kulia, bila kuulizwa,
ulikuwa umeshafunguka hewani.
Arobaini na tatu, nikasema kwa sauti.
Barua mbili za kawaida
na stempu zake.