Chanda Kama Kipimo

Ripoti ina kurasa mia nne na sita,
picha mia mbili na kumi na moja,
na leo asubuhi Tsiuri alipofuta mstari mmoja tu
katika sura ya pili,
picha zikahama.

Ufa wa nguzo ya kaskazini ulirukia jedwali la gharama.
Kutu ya boliti ikaja kukaa juu ya jina la mkurugenzi.
Maelezo yakabaki nyuma, chini ya ukurasa mtupu,
kama mtu aliyeachwa stesheni na sanduku la mwenzake:
Kielelezo 47. Mguu wa tatu, upande wa maji.
Mguu gani? Maji yapi?
Na katikati ya aya, kwa herufi nzito, mashine ikakiri:
Hitilafu! Chanzo cha rejea hakikupatikana.

Nje, Kutaisi inadondokewa na theluji isiyotaka kutanda.

Aliyeianza ripoti ni mzee Jumber,
miaka kumi na tisa akikagua daraja lile lile juu ya Rioni.
Namba za picha alizichapa mwenyewe, moja moja,
na picha akazisukuma mahali pake kwa kubonyeza nafasi,
nafasi, nafasi, nafasi.
Mbele ya picha moja Tsiuri amehesabu sitini na mbili.
Alistaafu mwezi Machi. Simu hapokei.

Basi anaanza upya.
Anaishika picha, anaiambia: kaa ndani ya mstari,
wewe si puto.
Nanga anaifunga kwenye aya iliyoitaja.
Maelezo anayapa mtindo wao, na amri juu yake:
usiachane na kilicho juu yako, hata ukurasa ukiisha.
Namba anamwachia mhesabuji asiyechoka.
Picha na maelezo yake, chanda na pete,
wangesema watu wa lugha hii ninayoandikia.

Na chanda kipo kweli.
Kila ufa una kidole cha Jumber ubavuni, kuwa kipimo.
Ofisi ilimpa rula mbili; zimo bado kwenye droo, na karatasi zake.
Upana: nusu ya kucha, aliandika. Urefu: pingili mbili na kitu.
Kidole cha pete, mkono uliokuwa huru,
ule mwingine ukishika kamera.

Anazipanga kwa tarehe. Namba zinajihesabu upya.
Kielelezo 117: pete ipo, ina tone la mvua.
Kielelezo 118: alama nyeupe, pale ilipokaa pete.
119, alama.
Kufika 160 hata alama imeliwa na jua.
Maelezo hayasemi kitu.
Maelezo yanasema: Ufa umeongezeka milimita mbili.

Mkurugenzi ameagiza: ondoa vidole, hii si albamu.
Tsiuri anashika kona ya 118 kwa kishale, anaivuta ndani.
Kidole kinatoweka.
Ufa unabaki peke yake, hauna ukubwa;
waweza kuwa unywele, waweza kuwa bonde.
Anairudisha kona.
Chini anaongeza maneno manne:
Kipimo: kidole cha mkaguzi.

Kisha anachagua yote, anabonyeza,
na namba zinakimbia kutoka jalada hadi kiambatisho,
kila rejea ikigonga mlango wake na kufunguliwa,
isipokuwa mbili, ambazo atazitafuta kesho.

Saa tatu usiku printa inakohoa.
Ukurasa wa 233 unatoka una joto bado,
picha juu, maelezo chini,
na kingo imepinda kidogo.